Kivuli Kwanza, Nailoni Baadaye



Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yamekwisha hapa Morogoro. Viwanja vya Mwalimu Nyerere vimebaki na vumbi lake, mabanda yamefungwa, watu wamerudi makwao na vipeperushi mkononi. Kila baada ya maonyesho hayo kuna swali ambalo halikosi kutufikia, na safari hii limetoka Mwembesongo, hapa hapa mjini. Dada mmoja anasema ana ua mdogo nyuma ya nyumba, hatua kumi kwa nane. Ameona kitalu nyumba, lile banda la nailoni la kulimia mboga, pale Nane Nane, nyanya zimening'inia kwenye kamba toka chini mpaka juu, naye anataka kuwa nacho. Anauliza aanzie wapi.

Dada yangu, anzia kwenye kivuli. Nailoni ije baadaye, na inawezekana usiihitaji kabisa. Naomba univumilie nieleze sababu, maana hapa bondeni wapo watu waliouza mbuzi, na wapo waliokopa kwenye kikundi, wakajenga kitalu nyumba, na leo zimebaki nguzo tupu na nailoni iliyochanika ikipigwa na upepo. Jambo hilo linaniuma kwa sababu watu hao hawakuwa wavivu. Walijenga kitu ambacho hakuna aliyekipima kwa joto la hapa.

Kwanza kumbuka kitalu hicho ulikiona lini. Mwezi wa nane ni mwezi mwema sana kwa mji wetu. Usiku baridi inashuka kutoka milima ya Uluguru, hewa ni kavu, mvua hakuna, na jua halijachacha. Nyanya iliyo ndani ya nailoni mwezi huu inajiona iko peponi. Sasa kiingie kitalu hicho hicho mwezi wa kwanza, saa nane mchana, vuli imekwisha na masika bado. Hutakaa humo muda wa kumaliza kufunga mche mmoja kamba. Kazi ya nailoni ni kuruhusu mwanga uingie na kuzuia hewa ya moto isitoke. Gari lililoegeshwa juani na vioo vimepandishwa linaonyesha jambo hilo vizuri kuliko maneno yangu. Nje kukiwa na nyuzi 33, ndani ya banda fupi lisilo na tundu juu, kupita nyuzi 40 ni jambo la kawaida.

Na nyanya haisubiri kufika 40 ndipo ilalamike. Mchana ukipita kama nyuzi 32, na usiku ukikataa kushuka chini ya 21, chavua inakosa nguvu na ua linadondoka bila kushika tunda. Mche utauona umenawiri, majani ya kijani, umepanda mpaka kwenye paa, lakini tunda hakuna. Mkulima anadhani ni mbolea, anaongeza mbolea, mche unazidi kurefuka. Tatizo ni joto, na mbolea haipunguzi joto.

Nyumba hizi zilianza kwenye nchi zenye baridi. Mholanzi anajenga ya vioo na bado analipia nishati ya kuipasha moto. Kule Almería, kusini mwa Hispania, kuna zaidi ya hekta 30,000 zilizofunikwa kwa nailoni, na hata wao kiangazi kikifika hupaka paa weupe wa chokaa ili jua lipungue, na miezi mikali wengi wao huacha vitalu bila mazao. Jirani zetu Wakenya wanalima waridi ndani ya nailoni kando ya Ziwa Naivasha, mahali palipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mwembesongo iko kwenye mita 500 hivi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, kwa hiyo kati ya ua wako na bustani za Naivasha kuna tofauti ya nyuzi 8 au 9. Kipeperushi hakikuambia hilo.

Milima yetu wenyewe ilishatufundisha kwamba kilimo hufuata mahali, na somo lile lililipiwa kwa damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, na mito ya mlima huu ndiyo inayoulisha Ruvu. Dawa iliyoamriwa ilikuwa matuta ya ngazi, kwa amri, na asiyechimba anashtakiwa. Upande wa Mgeta, ambako watu walikuwa wakimwagilia mboga na kuziuza mjini, ngazi zilikuwa na maana, na ukipanda mpaka Nyandira leo utaziona zimejaa kabichi na karoti. Upande wa Matombo mambo yalikuwa mengine. Kule kukata ngazi kulifukua udongo wa chini, usio na rutuba, ukaja juu, na wenye rutuba ukafukiwa. Mluguru wa Matombo alichimba kwa jasho akavuna kidogo kuliko zamani. Mwaka 1955 hasira zikalipuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Mlima ni mmoja na watu ni wale wale, lakini kilichofaa ubavu huu wa mlima hakikufaa ubavu ule. Ninapomsikia mtu anasema kitalu nyumba ni suluhisho la mboga Tanzania nzima, nakumbuka Matombo.

Turudi uani kwako, Mwembesongo, ambako nyumba zimesongamana, wengi ni wapangaji, maji ya bomba yana siku zake, na kuku wa jirani hawana mpaka.

Chunguza jua kabla ya kununua chochote. Mji wetu uko kusini mwa ikweta kidogo tu, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Mwezi wa sita linaegemea kaskazini, na upande wa kusini wa nyumba unakuwa kwenye kivuli sehemu kubwa ya siku. Mwezi wa kumi na mbili linahamia upande wa kusini, upande wa mlima. Tuta ulilolitengeneza Juni ukidhani lina kivuli kizuri linaweza kuungua Desemba. Simama uani asubuhi, adhuhuri na alasiri, weka vijiti palipo na kivuli, ujue hali ilivyo kabla ya kuchimba.

Kisha weka neti ya kivuli. Zipo zinazokata asilimia 30 ya jua na zinazokata 50. Kwa mboga za majani ile ya 50 inafaa miezi ya joto. Kwa zinazozaa matunda, nyanya na hoho, chukua ya 30, maana zenyewe zinahitaji mwanga zaidi. Usiilaze juu ya mimea. Inyanyue juu ya kichwa chako ili hewa ipite, na pande zote uache wazi. Kama pesa ya neti haijapatikana, makuti au matete yaliyopangwa kwa nafasi juu ya fito yanafanya kazi hiyo hiyo. Bibi zetu walifunika vitalu vya miche kwa njia hiyo kabla neti haijafika dukani.

Udongo wa uani mjini mara nyingi ni kifusi cha ujenzi, na humo ndani bado utafukua mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019. Ondoa hayo yote. Morogoro tuna bahati ya samadi: ya mbuzi, ya ng'ombe, na kuku wapo kila kona. Lakini samadi ya kuku mbichi inaunguza. Irundike, iloweshe kidogo, ifunike, igeuze, na usiiguse mpaka ipoe na harufu ile kali iishe. Mboji ya jikoni ni rahisi zaidi: maganda ya ndizi, majani, mabaki ya mboga, matabaka kwa matabaka na majani makavu na samadi kidogo, bila nyama wala mafuta. Miezi miwili mitatu inakuwa tayari. Juu ya tuta tandaza maganda ya mpunga, ambayo kwenye mashine za kukoboa yamelundikana na mara nyingine unapewa bure. Maganda hayo yanazuia jua lisiupige udongo moja kwa moja, na maji unayomwagilia yanadumu.

Mpangaji asiye na ruhusa ya kuchimba anaweza kulima kwenye gunia. Weka kopo kubwa lililokatwa juu na chini katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha livute juu kidogo, jaza tena, endelea hivyo mpaka gunia lijae. Kopo ukilitoa kinabaki kiini cha mawe kinachopeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, panda miche kuzunguka. Gunia la salfeti linachakaa juani, kwa hiyo liweke chini ya upenu linakopata jua la asubuhi tu. Na siku mwenye nyumba akipandisha kodi, unahama na bustani yako.

Sasa upande nini? Hapa naomba watu wanielewe, kwa sababu naona wengi wanaanza na kabichi. Kabichi, karoti, njegere na koliflawa waachie watu wa Mgeta. Zinashuka kila siku na malori mpaka soko la Mawenzi na Soko Kuu la Chifu Kingalu, nzuri na kwa bei ambayo ua wako hauwezi kushindana nayo. Wewe panda vile vinavyonyauka kabla ya kufika sokoni, na vile vinavyopenda joto letu. Mchicha ndio wa kwanza. Unamwaga mbegu leo, baada ya wiki tatu au nne unang'oa, na huku unapoendelea kung'oa tuta hili unamwaga tuta la pili, ili jikoni kusiwe na wiki ya njaa na wiki ya shibe. Matembele yanapandwa kwa vipande vya shina, na yakishika hayakuachi. Bamia na mgagani vinafurahia jua linalowachosha wengine. Ngogwe mche mmoja uliotunzwa unazaa miezi mingi. Mnafu unataka kivuli kidogo na unyevu, uupande chini ya neti. Kisamvu cha mpira ukikipanda kwenye uzio kinakuwa uzio na mboga kwa wakati mmoja. Ila kitwange na kukichemsha vizuri, kina sumu kikiwa kibichi.

Mboga hizi za asili ziliwahi kuonekana ni chakula cha maskini. Wataalamu wa Kituo cha Mboga Duniani kule Arusha wamefanya nazo kazi kwa miaka mingi, na mwaka 2011 zilitolewa rasmi hapa nchini mbegu bora za mchicha ziitwazo Madiira na za mnafu ziitwazo Nduruma na Olevolosi. Majani mapana, zinachelewa kutoa maua, unavuna mara nyingi. Ulizia kwenye maduka ya pembejeo. Na upikapo majani haya, tia mafuta kidogo, au karanga, au tui la nazi. Vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani haiingii mwilini sawasawa bila mafuta. Mama anayelea mtoto wa mwaka mmoja na nusu na ana tuta la mchicha mlangoni yuko mbele sana, nami ningependa kila nyumba ya Mwembesongo iwe na tuta hilo.

Viungo navyo havihitaji eneo kubwa. Mchaichai upande pembeni ya bomba au mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, utakua kichaka. Mnanaa unapenda kivuli na unyevu, lakini upande ndani ya ndoo mbovu, kwa sababu ukiuachia ardhi utaimeza bustani. Mrehani ukate ncha kila unapoanza kutoa maua. Giligilani haipendi joto kabisa. Ipande kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, na miezi ya jua kali nunua sokoni. Tangawizi na manjano, ambazo wenzetu wa Kinole na Mkuyuni wanazipanda mlimani chini ya miti, zitakukubalia kwenye gunia lililo chini ya mwembe. Pilipili mbuzi mche mmoja unatosha nyumba nzima na majirani wawili.

Maji ndiyo yanayowavunja moyo watu wengi kuliko wadudu. Maji ya kuoshea mchele na mboga yamwage bustanini moja kwa moja. Ya kufulia kwa sabuni ya unga usiyapeleke huko. Na tazama bati lako: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 40 za mraba, mvua ya vuli ya milimita 20, ni lita 800 zinazopita juu ya kichwa chako na kuishia mtaroni. Mfereji wa bati upande mmoja na pipa la lita 200 ni mwanzo mzuri. Funika pipa kwa neti, maana mbu nao wanayapenda maji hayo. Mnaomwagilia kwa maji ya Mto Morogoro baada ya mto kupita katikati ya mji, mwagilieni udongo, msimwagie majani, na mboga hizo zioshwe kwa maji safi na zipikwe. Msizile kama kachumbari.

Sasa nije kwenye kitalu nyumba chenyewe, kwa sababu wapo walionacho tayari, na siwaambii wakibomoe. Ofisi ya Waziri Mkuu iliendesha mafunzo ya kitalu nyumba kwa vijana katika mikoa mbalimbali, na SUGECO, ushirika wa wahitimu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa hapa kwetu, walikuwa miongoni mwa wafundishaji. Vijana wengi walipata ujuzi wa kweli. Kitalu nyumba kina faida yake hapa bondeni, na faida hiyo ni masika. Machi mpaka Mei, mvua inaponyesha mfululizo, nyanya za shamba la wazi zinaliwa na baka jani chelewa, majani yanakuwa meusi kwa siku chache, na bei sokoni inapanda. Aliye na paa wakati huo anavuna. Kwa hiyo jenga mwavuli wa mvua wenye kuta za neti ya wadudu, mrefu, mita nne au zaidi katikati, na tundu la hewa kileleni. Nailoni ikae juu tu. Kile kibanda kifupi kilichofunikwa nailoni mpaka chini kiache kwa watu wa Mgeta, ambao usiku wao ni wa baridi.

Kukijenga ni kazi ya siku chache, kukitunza ni kazi ya kila siku. Nguzo za miti zinaliwa na mchwa. Ncha zinazoingia ardhini zipakwe oili chafu kabla ya kuchimbiwa, na kila mwezi ziguswe kwa kidole uone kama zimelainika. Nailoni inunuliwe ile iliyotengenezwa kuhimili jua, yenye unene wa maikroni 200, ambayo hukaa miaka mitatu minne. Ya kawaida ya kufunikia magodoro itapasuka kabla ya msimu wa pili. Vumbi la Mwembesongo likitanda juu ya paa mwanga unapungua, basi ioshe kwa maji na kitambaa laini, na palipochanika pazibwe siku hiyo hiyo. Tundu la leo kesho ni mlango wa upepo.

Mlango wa kitalu uwe wa mara mbili: unaingia chumba kidogo, unafunga nyuma yako, ndipo unafungua wa pili. Watu wanaona ni usumbufu. Lakini tangu mwaka 2014 tuna kantangaze, kipepeo mdogo wa rangi ya kijivu aliyetoka Amerika ya Kusini, akapitia Ulaya na Afrika ya Kaskazini mpaka akatufikia. Funza wake anachimba ndani ya jani, kisha ndani ya tunda, na kwa kuwa amejificha ndani, dawa nyingi hazimfikii. Akiingia kwenye kitalu kilichofungwa amepata nyumba isiyo na ndege wala nyigu wa kumla. Anaingia kwa mlango ulioachwa wazi dakika tano, au kwa miche iliyonunuliwa bila kukaguliwa. Geuza kila jani la mche kabla ya kuuingiza. Ukiona mchirizi mweupe kwenye jani, likate, litie kwenye mfuko, ufunge, uache juani mpaka kila kilichomo kife. Usilitupe pembeni ya kitalu.

Neti ya wadudu inayomzuia kantangaze inamzuia pia nyuki, na inapunguza upepo. Nyanya haihitaji nyuki sana, lakini inahitaji kutikiswa. Kila asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, gonga taratibu zile kamba ulizofungia miche ili chavua ianguke. Ni kazi ndogo, na wakati huo huo unaikagua miche mmoja mmoja: unaondoa machipukizi ya kwapani kwa kidole yakiwa madogo, unakata majani ya chini yanayogusa udongo, unaangalia kama tunda lina kitako cheusi. Kitako hicho huwa kinatokana na maji ya kuruka siku, leo mafuriko kesho ukame, mche unashindwa kupeleka chokaa kwenye tunda. Mwagilia kidogo kidogo kila siku. Kama una mipira ya matone, tangi liinuliwe mita moja na nusu au mbili, chujio lisafishwe, na kila wiki ufungue miisho ya mipira maji yatoke na uchafu wake. Matundu yakiziba, miche ya mwisho wa mstari inakufa wakati wewe unaamini imemwagiliwa.

Adui mbaya kuliko wote ndani ya kitalu hapa kwetu ni mnyauko bakteria. Mche mzima, mzuri, unanyauka mchana ungali wa kijani, kesho mwingine jirani yake. Kuhakikisha ni rahisi. Kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, ni huo. Dawa ya kuupulizia haipo, na vijidudu vyake vinakaa ardhini miaka. Na ndiyo maana kitalu kinachopandwa nyanya msimu hadi msimu kwenye udongo ule ule mara nyingi hufa. Baadhi ya vile nilivyovitaja mwanzoni, ambavyo joto halikuviua, viliuawa na huo. Ng'oa mgonjwa na udongo wake, safisha kisu na viatu, na msimu unaofuata usipande nyanya, hoho, biringanya, ngogwe wala mnafu hapo. Panda mchicha, vitunguu, mahindi. Hapa joto letu linaweza kutusaidia: mwezi wa kwanza na wa pili, kitalu kikiwa kitupu, lowesha udongo, ufunike kwa nailoni nyeupe inayoonyesha, ubane kingo, uache wiki nne mpaka sita. Jua la Morogoro litaupika. Haimalizi kila kijidudu, ila inapunguza sana, pamoja na minyoo ya mizizi. Ukiwa na shaka na udongo wako, SUA wanapima.

Kuhusu sumu sitapamba maneno. Ndani ya kitalu kilichofungwa sumu haiendi popote, unaivuta wewe. Kibandiko cha chupa kimeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo si ushauri. Kupulizia Ijumaa na kupeleka nyanya sokoni Jumamosi ni kumlisha mtoto wa mwenzako sumu. Anza na mitego ya njano yenye gundi kwa inzi weupe, na mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha, uzichuje upulizie jioni. Hapa Morogoro tuna shirika la SAT, linalofundisha kilimo hai tangu 2011 na lina shamba la mafunzo Vianzi. Nendeni mkaone wanavyofanya. Na bwana shamba au bibi shamba wa kata yako analipwa ili umwulize.

Vikundi vinavyojiandaa kuomba mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nawaomba kabla ya kuandika kitalu nyumba kwenye andiko mjibu swali moja kwenye kikao: Jumapili saa tisa mchana, jua limewaka, nani yuko zamu ya kufungua hewa na kumwagilia? Kama hakuna jina, anzeni na neti ya kivuli na matuta ya mchicha. Fedha inarudi haraka, na mkopo unalipika.

Kwa dada yangu wa Mwembesongo, hatua zako kumi kwa nane zinatosha sana. Wiki hii safisha kifusi na kusanya samadi. Mwisho wa mwezi mwaga mchicha tuta la kwanza, panda matembele ukingoni. Septemba simamisha nguzo na neti, kabla jua la Oktoba halijafika utosini. Nyanya zianze kwenye kitalu cha miche mwezi wa tatu mwakani, miche ihame mwezi wa nne ukiwa umeweka paa dogo la mvua juu yake, uvune miezi ya baridi. Ukipanda Tanya au Tengeru 97 unaweza kujiwekea mbegu kutoka kwenye tunda zuri la mche usio na ugonjwa. Zile chotara za kitalu, zilizoandikwa F1, usihifadhi mbegu zake. Watoto hawafanani na mama. Mchicha acha mashina matatu yazae, yakikauka yapukute juu ya khanga, pepeta, weka kwenye chupa kavu, andika tarehe.

Wiki ijayo, saa hii hii, tuna swali la mzee wa Kinole ambaye iliki zake zinakauka majani.